Programu ya kurekodia gitaa na sauti nyumbani

Ndugu, umesema una kompyuta ya Windows yenye RAM ya GB 4, gitaa na maikrofoni moja, na hutaki kutumia pesa nyingi. Mimi ningekushauri uchukue Reaper. Ni nyepesi mno, hata kompyuta ya zamani inaimudu, na unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, bila kufungiwa kitu. Baada ya hapo unalipia leseni, na ile ya mtu binafsi ni nafuu ukilinganisha na programu kubwa za studio.

Audacity ni ya bure kabisa, nayo inafaa kurekodi na kukata sauti. Ila ukishaanza kupanga gitaa, sauti na kiitikio kimoja juu ya kingine, utaona inakubana. Wenye Mac wana GarageBand bure, lakini wewe haikuhusu.

Kitakachokusumbua zaidi ni sauti kuchelewa: unapiga uzi, halafu unausikia kwenye hedifoni baadaye kidogo, na mapigo yanakupotea. Usikimbilie kulaumu programu. Weka draiva ya ASIO (programu ndogo inayopitisha sauti haraka kwenye Windows), kisha shusha bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kuipitisha, hadi sampuli 128 wakati wa kurekodi. Ukianza kuchanganya na kusawazisha ulivyorekodi, ipandishe hadi 1024 ili kompyuta ipumue. Rekodi kwa biti 24 (kipimo cha undani wa sauti), na kilele cha sauti kisizidi desibeli -10 hivi. Sauti ikishapasuka haitengenezeki vizuri.

Na tafadhali, vaa hedifoni unapoimba, spika zizimwe, la sivyo maikrofoni itanasa gitaa tena.