Trilioni ya Dola Inatoka Wapi? Maswali Yenu Kuhusu Dira 2050

Tangu Dira 2050, yaani mpango mkuu wa maendeleo wa Tanzania unaotaka uchumi wetu ufike dola trilioni moja ifikapo 2050, izinduliwe kule Dodoma Julai 2025, inboksi yangu haipumziki. Leo najibu machache, mengine tutayafikia.

Hiyo dola trilioni moja inawezekana kweli au tunapigwa fiksi? – Muuza vitenge, Soko la Kilombero, Arusha

Dada yangu, chukua kalkuleta. Uchumi wetu sahivi uko kama dola bilioni 80 hivi, ukikua asilimia 6 kwa mwaka, ambayo ndo spidi yetu miaka ikiwa mizuri, unajidabo kila baada ya miaka 12, maana yake hadi 2050 umejidabo mara mbili tu na unaishia kwenye bilioni 320 na kitu. Ili tugonge trilioni inabidi ujidabo kila miaka saba, yaani asilimia 10 na ushee kila mwaka, miaka 25 mfululizo bila kupumzika. China walikaribia spidi hiyo kwa miaka kama 30 baada ya 1978, kwa hiyo siwezi sema haiwezekani. Afu kumbuka lengo limewekwa kwa dola: bei zikipanda duniani namba inapanda yenyewe kidogo, ila shilingi ikiporomoka tunarudishwa nyuma hata kama mashamba na viwanda vimefanya kazi vizuri. Mimi naona sio fiksi, ila ni lengo ambalo ukilichelewesha miaka mitano ya mwanzo ndo basi tena.

Na ile Dira 2025 iliyotangulia iliishia wapi? – Mzee wa kahawa, Kibosho

Shikamoo mzee. Kipato cha kati tuliingia Julai 2020, Benki ya Dunia ndo walitutangaza, ila ni ngazi ya chini. Mipango ya Dira ilitaka dola 3,000 kwa kichwa, tumeishia kwenye 1,200 hivi, na sasa Dira 2050 inatuambia 7,000. Kukosa sio dhambi mzee wangu, kinachoniuma ni kwamba Dira ilianza 2000 lakini Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano chini yake ukaja 2011/12. Katikati kulikuwa na MKUKUTA, ule mkakati wa kukuza uchumi na kupunguza umaskini, sawa, ila muongo mzima ulishakatika na mwananchi hana namba ya kumuuliza nayo mbunge wake.

Serikali inakopa sana, watoto wetu si watalipa hadi wazeeke? – Bodaboda, Mbauda

Watalipa ndio, ila swali ni wamenunuliwa nini. Barabara itakayotumika miaka 30 ni haki na wao wachangie, lakini ukikopa ukalipie posho na mafuta ya magari ya mabosi hapo umewaibia. Cha pili angalia sarafu: mkopo wa dola unavimba kwa shilingi hata mwaka ambao hujakopa senti. Nchi za Afrika Mashariki zilishakubaliana 2013 kwamba deni, kwa thamani yake ya sasa, lisizidi asilimia 50 ya pato la taifa na nakisi ya bajeti, yaani matumizi yanayozidi mapato, isizidi asilimia 3. Mtu akikutajia matrilioni ya deni peke yake bila kukwambia ni asilimia ngapi ya uchumi, anakutisha tu.

Si hukuhuku Arusha tulishaweka malengo 1967? – Mwanafunzi, Moshi

Ndio, na Azimio la Arusha la mwaka huo lilionya wazi kabisa kuhusu kutegemea mikopo na misaada ya nje. Pita makumbusho yake pale karibu na Mnara wa Mwenge ukijaliwa.

Mimi mwenye duka la rangi nahusikaje? – Ngarenaro

Kama umesajiliwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ndoo ukiuza 23,600 kwa risiti ya EFD (ile mashine ya risiti za kodi), 3,600 hapo ni VAT, ile asilimia 18. Usipotoa risiti hiyo 3,600 haiendi popote zaidi ya mfukoni, na pengo lake linakopwa, tunarudi kwa yule bodaboda. Ila na wewe una haki ya kudai: CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anamkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi, Aprili inatua bungeni, Juni bajeti inasomwa. Soma ripoti kwanza, tafuta kurasa za halmashauri yako, afu ndo usikilize bajeti. Utashangaa hoja ngapi za ukaguzi za mwaka juzi bado zimeandikwa "haijatekelezwa".