Taita Taveta: Milima Iliyobaki na Nyika Iliyochukuliwa

Mhariri, swali lenu la wiki hii liliwauliza wasomaji ni jambo gani moja ambalo mgeni anapaswa kulielewa kwanza kuhusu kaunti ya mashambani wanakotoka, kabla hajasimuliwa habari za vivutio na viongozi. Kwa upande wa Taita Taveta, ambako nilizaliwa na ambako wazee wangu bado wanalima, jibu langu ni mwinuko wa ardhi. Mtu akishajua nani aliishi juu, nini kilifanyika chini, na jinsi watu wa juu walivyonyang'anywa ardhi ya chini, mengine yote ya kaunti hii yatamwelea bila shida.

Abiria anayesafiri kati ya Mombasa na Nairobi huiona Voi, udongo mwekundu, mibuyu na vichaka vya miiba, akadhani ameiona kaunti. Mji huo uko karibu mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ni ya kubahatisha. Lakini magharibi yake imesimama milima ya Dawida, ambayo kilele chake, Vuria, kinapita mita 2,200. Kusini kuna Sagalla, na mbele zaidi Kasigau, mlima uliojitenga peke yake nyikani. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi hupita juu ya nyika bila kuacha kitu, zikaja kugonga milima hii na kumwaga ukungu na mvua. Ndiyo sababu safari fupi ya matatu kutoka Mwatate hadi Wundanyi humtoa msafiri kwenye mkonge na kumfikisha kwenye kabichi, migomba na baridi ya kuvaa sweta.

Wadawida wa zamani, yaani Wataita wa milima ya Dawida, hawakuwa watu wa mlimani tu, na hapa ndipo vitabu vya shule hukosea vinapotueleza kwa sentensi moja. Familia ilijitahidi kuwa na vipande vya ardhi katika ngazi mbalimbali za mteremko: maharagwe na mboga juu kwenye ubaridi, mahindi, ndizi na miwa katikati ambako mifereji ilifikisha maji, kisha mtama, malisho na mawindo huko chini. Msimu ukiharibika upande mmoja, upande mwingine uliweza kuokoa chungu. Misitu midogo mitakatifu iitwayo fighi ilihifadhiwa na wazee, na mafuvu ya wahenga yaliwekwa katika mapango ya ukoo, ambapo mengine yangalipo hadi leo. Mpango huo haukuzuia kila janga, kwa kuwa njaa ya Mwakisenge ya miaka ya 1880 iliua na kutawanya watu wengi, lakini ulikuwa mpango uliofikiriwa, na ndio ambao mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliukuta alipopita katika milima hii mwaka 1847, mwaka mmoja kabla ya kuiona theluji ya Kilimanjaro.

Nyika ilianza kuondoka mikononi mwa wenyeji reli ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1890. Habari ya mwaka 1898 inayojulikana na dunia nzima ni ya simba wawili waliowala wajenzi wa daraja la mto Tsavo hadi mhandisi Patterson, msimamizi wa ujenzi huo, alipowaua mwezi Desemba. Simba hao leo wamo katika jumba la makumbusho mjini Chicago, na sitashangaa nikiambiwa kwamba wanatembelewa na watu wengi kuliko Wundanyi. Lililo zito zaidi kwetu ni yaliyofuata reli, yaani mashamba makubwa ya mkonge yaliyoenea Voi, Mwatate na Taveta, yakichukua ardhi ya chini ambayo wakoloni waliiona haina mwenyewe kwa sababu hawakuona nyumba juu yake. Malalamiko ya kunyang'anywa ardhi ndiyo yaliyozaa chama cha Taita Hills Association, ambacho serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku mwaka 1940 pamoja na chama cha Wakikuyu cha KCA (Kikuyu Central Association) na kile cha Wakamba. Kisha, mwaka 1948, ikatangazwa mbuga ya taifa ya Tsavo. Leo mbuga zake mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, zinameza takribani asilimia 62 ya kaunti yenye zaidi ya kilomita za mraba 17,000. Ukiondoa pia ranchi na mashamba ya mkonge, ndipo utakapoelewa kwa nini watu 340,671 waliohesabiwa mwaka 2019 wamebanana katika sehemu ndogo sana ya kaunti ambayo kwenye ramani inaonekana pana mno.

Kuhusu Kasigau naomba niruhusiwe kurefusha, kwa maana ni habari isiyosimuliwa vya kutosha. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, Wajerumani, waliokuwa wakitawala upande wa pili wa mpaka, Tanzania ya leo, waliiteka Taveta mwezi Agosti 1914, na mwaka uliofuata Waingereza wakaanza kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kupitia Maktau ili kuwafuata. Makaburi ya wanajeshi yaliyoko Maktau na Taveta yanatunzwa vizuri, na mapigano ya kilima cha Salaita ya Februari 12, 1916, ambapo majeshi ya Afrika Kusini yalirudishwa nyuma, yana wageni wake kila mwaka. Lakini mwaka 1915 Waingereza waliwashutumu wakazi wa Kasigau kwamba waliwasaidia Wajerumani, wakawateremsha mlimani na kuwahamishia Malindi. Watu waliozoea hewa ya mlimani walitupwa kwenye joto na malaria ya pwani. Wengi walifia huko, na walionusurika hawakuruhusiwa kurejea kwao mpaka miaka ya 1930. Kwa maoni yangu, hakuna jambo katika vita hivyo lililowagusa raia wa kaunti hii kwa ukatili kama hilo, ila wasafiri wanaopelekwa kuona viwanja vya mapigano mara nyingi hurudi bila kulisikia.

Maji nayo yana mkasa wake. Chemchemi za Mzima, zilizomo ndani ya Tsavo Magharibi na zinazolishwa na mvua ya milima ya Chyulu, zimekuwa zikipeleka maji Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950, huku vijiji kadhaa vya nyikani vikiendelea kununua maji kwa mtungi. Ndovu hufuata maji hayo hayo na mashamba yetu pia, hasa wakati wa kiangazi. Wakulima wa chini ya Sagalla wamejaribu hata kuzungushia mashamba mizinga ya nyuki, kwa kuwa ndovu huogopa nyuki, na njia hiyo imesaidia. Ada za kuingia mbugani hukusanywa na taifa, na madai ya kaunti ya kupewa sehemu yake yamepita mikononi mwa wabunge wengi. Juu milimani, misitu ya asili ya Ngangao, Chawia na Mbololo imebaki vipande vidogo, ndani yake mkiwa na ndege wasiopatikana kwingine duniani. Iliyokatwa ilikatwa kwa ajili ya mashamba, na mashamba yalipanda juu kwa sababu chini palikwisha fungwa.

Ni haki niseme kwamba jibu langu haliihusu Taveta sawasawa. Huko maji hayatoki mawinguni mwetu bali Kilimanjaro, yakishuka kwa mto Lumi hadi ziwa Jipe, ambalo nusu yake ni ya Tanzania. Wataveta, ambao lugha yao iko karibu zaidi na Kipare kuliko Kidawida, waliishi katika msitu wa Lumi na kuziuzia chakula misafara iliyokuwa ikienda bara, na biashara haijawatoka: siku za soko mji hujaa ndizi, nyanya, Wakamba, Wachaga na Wamasai, na Mtaita aliyeshuka kutoka Wundanyi hulazimika kuuliza bei kama mgeni mwingine yeyote.