Kabla Hujamrushia Mchina Jiwe

Juzi dada mmoja aliniandikia ujumbe mrefu. Vigingi vimepigwa katikati ya shamba la baba yake, barabara mpya itapita hapo, mkandarasi ni Mchina, na vijana wa kijiji wameapa kufunga njia ya malori ya kokoto mpaka "hawa watu warudi kwao." Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, wewe ulikuwa kwenye maandamano ya Mombasa. Tujiunge nao?"

Nilimjibu usiku uleule. Lakini najua wengi mnaonisoma mnataka kitu kimoja na mimi, ardhi yenu ibaki na heshima na jasho lenu lilipwe, kwa hiyo nitayaeleza kwa urefu. Mengine yatauma.

Nilikuwa na mkahawa Mariakani, kando ya barabara kuu ya Nairobi. Meza chache, mabenchi, jiko la makaa na birika ambalo halikuwahi kupoa. Wateja wangu walikuwa madereva wa malori ya kontena na utingo wao. Alfajiri utingo anazunguka lori akigonga kila gurudumu kwa rungu, anasikiliza mlio, kisha anakuja kwangu mikono ikinuka dizeli na kuitisha mahamri na mbaazi. Mdundo ule wa rungu ndio uliosomesha watoto wangu. Januari 2018 reli ya SGR, ile mpya ya Mombasa hadi Nairobi iliyojengwa na Wachina kwa mkopo wa China, ikaanza kubeba mizigo. Wateja wakapungua, nikavumilia. Agosti 2019 likaja agizo kwamba mizigo yote inayoingia nchini kwenda Nairobi na bara ipande treni. Mkahawa haukumaliza mwaka. Leo pale pana kibanda cha kuuza kadi za simu, na mpaka sasa nikipita kwa matatu hutazama upande wa pili.

Basi kila Jumatatu tulikuwa mjini Mombasa, tukiandamana. Madereva, makanika, mawakala wa forodha, akina mama waliouza chakula kwenye bohari. Tulipigwa vitoa machozi, tukarudi Jumatatu iliyofuata. Najivunia hilo na sitaomba radhi. Ila kulikuwa na jambo lililonikera tangu mwanzo. Kila umati ulipochemka, mtu mmoja angepaaza sauti "Wachina waende!" na wimbo ungebadilika. Siku moja mheshimiwa mmoja alipanda juu ya pikapu na bendera mabegani, akatuhubiria ukoloni mpya. Watu wakamshangilia. Mheshimiwa huyo alikuwa ndani ya serikali iliyokopa pesa za reli! Mkopo ulitiwa saini mwaka 2014, na sikumbuki akipanda pikapu mwaka ule.

Fikirieni. Agizo la mizigo halikuandikwa Beijing. Liliandikwa hapahapa, na maafisa wetu, kwa barua yenye nembo yetu, kwa sababu reli ilihitaji mizigo ili deni lilipike. Kumfokea fundi aliyetoka Sichuan kwa jambo hilo ni kumpiga tarishi kwa barua aliyotumwa. Na anayefurahi kuliko wote ni yule aliyeiandika.

Kilichotusaidia hatimaye ni karatasi. Kesi ilipelekwa Mahakama Kuu ya Mombasa, na Novemba 2020 majaji wakasema agizo lile lilitolewa bila kuwashirikisha wananchi. Wanaharakati hawakukomea hapo, wakadai mikataba yenyewe ionekane. Novemba 2022 sehemu ya mikataba ikatolewa hadharani, na ndipo tukasoma. Mkopo mmoja, wa takriban dola bilioni 1.6, ulikuwa wa riba ya asilimia 2. Wa pili, wa kiasi kama hicho, ulikuwa wa kibiashara, asilimia 3.6 juu ya Libor, kiwango cha riba cha benki za kimataifa kilichopanda na kushuka. Ugomvi ukitokea, unasuluhishwa Beijing. Majirani zetu wa Tanzania na Zambia walijengewa na China reli ya TAZARA, kilomita 1,860, kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba. China ni ileile. Sisi tulikubali nini mezani, na nani alikubali? Hilo ndilo swali la mzalendo.

Lamu walilijua mapema kuliko sisi. Kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa huko kilikuwa na wajenzi na wafadhili wa Kichina, na ingekuwa rahisi kuchoma matairi. Wao walikwenda na hoja kwamba wananchi hawakuhusishwa ipasavyo, na Juni 2019 leseni ya mazingira ikafutwa. Wavuvi wa hukohuko nao walikuwa wameishtaki serikali kwa ujenzi wa bandari mpya, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.76. Angalieni walimshtaki nani.

Halafu kuna wa kuniandikia "Hambantota! Hambantota!" kila nikigusa habari hizi, wakimaanisha China hunyakua bandari za wenye deni. Ndugu, bandari ile ya Sri Lanka ilikodishwa kwa miaka 99 mwaka 2017, ni kweli, kwa dola bilioni 1.12. Lakini nchi ile ilikuwa imelemewa zaidi na hatifungani za masoko ya kimataifa kuliko na deni la China, na waliojikopea huko ni viongozi wao wenyewe. Mkimtaja mnyonyaji mmoja tu, wengine wanapita mlango wa nyuma.

Sisemi Wachina ni malaika. Binamu yangu alifanya kibarua kwenye mradi mmoja, na msimamizi wa kigeni alimkata mshahara kwa dakika alizokwenda chooni. Lilimvunja moyo, nami lilinichoma. Tulikwenda kwa afisa wa kazi na daftari la siku alizofanya, akalipwa. Mtu akikukosea mshtaki kwa kosa lake, si kwa umbo la macho yake.

Dada, sasa nakujibu kuhusu shamba. SGR ilipopimwa kupitia Mazeras, mjomba wangu hakuwa na hati miliki, kama wengi wa Pwani. Nilikwenda kwake na simu na daftari la shule. Tukapiga picha mti kwa mti, mnazi unaozaa mbali, mnazi mchanga mbali, mkorosho, mwembe, kaburi la babu, choo, hata zizi la mbuzi. Mthamini alipokuja aliandika minazi michache kuliko iliyopo. Mjomba akatoa daftari, hakusema neno, akaanza kumtembeza mti kwa mti mpaka yule bwana akavua koti. Fidia ilichelewa mno, lakini ilipokuja ililingana na daftari. Vijana wa shamba jirani walikuwa wamefunga barabara asubuhi ileile. Wakalala kituoni, na miti yao ikahesabiwa bila wao. Asiyekuwepo na lake halipo.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Hesabuni mali yenu leo, kabla tingatinga halijafika. Fuatilieni tangazo la Tume ya Kitaifa ya Ardhi kwenye gazeti rasmi la serikali, na siku ya kikao cha fidia msikose. Kama hamna hati, someni Kifungu cha 40(4) cha Katiba, kinaruhusu hata aliyeikalia ardhi kwa nia njema alipwe. Kisha andikeni barua ya kuomba mkataba wa mradi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 kujibu. Ikinyamaza, nendeni kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Mkitaka kuandamana, andamaneni, ni haki yenu. Lakini fungeni lango la ofisi iliyotia saini, si njia ya dereva wa kokoto ambaye pengine ni mtoto wa kijiji cha pili. Na mwanasiasa akija na bendera mabegani, mwombeni kwanza nakala ya mkataba.

Baraza la chifu uliloniambia ni Alhamisi, sivyo? Nenda na baba, na daftari, na mtu wa kuandika kila kinachosemwa na jina la aliyekisema. Barua ya kuomba mkataba nimekutumia mfano wake, badilisha tu jina la mradi na nambari ya shamba, na hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa kabla hujatoka ofisini.