Kilomita ni zilezile, mbona kwenda masaa 8 kurudi 7?

Mkuu umeuliza London hadi New York ni kama km 5,540, ndege inakimbia 900 kwa saa, kwahiyo ingetakiwa masaa 6 na kitu, sasa mbona tiketi inasema 8 kwenda na 7 kurudi. Hesabu yako iko sawa ila hujaweka upepo na muda wa ndege kuwa chini uwanjani. Nami nilipiga hesabu hivyohivyo siku moja nikakata tiketi mbili tofauti, ya pili nikaiachia nafasi ya saa moja na nusu tu, nikafika geti limeshafungwa. Kosa langu kabisa.

Kule juu, kama kilomita 10 hivi, kuna mkondo wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki, wanauita jetistrimu, na majira ya baridi unakuwa mkali balaa. Ukitoka New York unakusukuma mgongoni, ukienda unakupiga usoni. Februari 2020 kuna Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikatua London kwa masaa 4 na dakika 56, spidi yake ukiipima kwa ardhi ilifika zaidi ya km 1,300 kwa saa, na wala injini hazikukazwa kupita kiasi, ni upepo tu uliibeba. Ndo maana hata njia za kuvuka Atlantiki zinapangwa upya kila siku kufuata upepo.

Halafu muda wa tiketi hauanzi gurudumu likiacha lami, unaanza ndege ikitoka getini mpaka isimame geti la huko. Safari yangu moja tulikaa foleni ya kuruka karibu dakika 40, tukaja kutua mapema kabla ya muda, tena tukasubiri geti liwe wazi. Kwahiyo zile saiti za kupima umbali ni nzuri kwa kujua kilomita, muda wao usiuamini, zinagawanya tu kwa spidi moja.

Na mstari wa njia ya ndege usiushangae, kwenye ramani bapa unaonekana umepinda. Chukua tufe uvute uzi London hadi Los Angeles utaona unapita Greenland, na hapo ndo pafupi kweli.

Kitu kingine kinachochanganya watu ni saa za tiketi, zote ni za pale uwanja ulipo. Unatoka London saa 11 jioni unafika New York saa 2 usiku, unaona masaa 3, kumbe jumlisha 5 za tofauti, ni 8. Kurudi unaondoka saa 2 usiku unafika saa 2 asubuhi, unaona 12, toa 5, unabaki na 7. Miezi ya Machi na Oktoba kuna siku tofauti inakuwa 4 kwa sababu Uingereza na Marekani hawabadilishi saa tarehe moja, hapo angalia vizuri kama una ndege ya kuunganisha.

Mimi siku hizi nikiwa na tiketi mbili tofauti siachi chini ya masaa 4 katikati.