Kukamua maziwa ukiwa na darasa la nasari: omba mtu kabla ya kuomba chumba

Dada, umeuliza utafanyaje: likizo ya uzazi inaisha, mtoto ana miezi mitatu, unarudi nasari hapa Malindi kwenye darasa la watoto wa miaka mitatu na minne, na kila unayemuuliza anakwambia "toka tu kidogo ukakamue", kana kwamba watoto wa umri huo watakaa kitako wakungoje. Mimi nafundisha chekechea hapa hapa mjini, na wanangu wawili wa mwisho nimewanyonyesha nikiwa kazini. Nitakwambia yaliyonifaa.

Kabla hujaomba chumba, omba mtu. Chumba hakikosekani, hata kama ni stoo ya vifaa iliyotundikwa leso mlangoni. Kigumu ni kumpata mtu mzima wa kubaki na watoto. Asipokuwepo, utakamua roho iko darasani, masikio yanasikiliza nani kaanguka, nani kapanda juu ya meza. Na mama akiwa na wasiwasi maziwa hukawia kushuka, kwa hivyo muda utakwisha na chupa haijajaa hata robo.

Mimi niliongea na mwalimu wa darasa la jirani kwanza, kabla ya kwenda kwa mkuu. Tukakubaliana: saa nne watoto wote wakitoka nje kunywa uji chini ya mwarobaini, yeye na msaidizi wawatazame wake na wangu. Saa saba wakishalala kwenye mikeka, akae mlangoni aone vyumba vyote viwili. Nami nikamlipa kwa kumshikia darasa lake saa ya hadithi, apate kupumua au kusahihisha vitabu. Ndipo nikaenda ofisini: "Madam, nahitaji mara mbili kwa siku, saa nne na saa saba. Mwenzangu amekubali kunishikia watoto. Naomba iingie kwenye ratiba." Hilo la ratiba usiliachie. Jambo lililobandikwa ukutani ni kazi kama kazi nyingine. Likibaki la mdomo ni hisani, na hisani watu huichoka, hasa siku ya wageni au siku mwalimu mmoja hayupo.

Sheria iko upande wako na inafaa uijue. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, kifungu cha 71, inamtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyesha na kukamua, penye maji ya kunawa, friji au namna ya kupozea, plagi ya stima, meza ndogo na kiti kizuri. Kifungu cha 72 kinakupa muda wa kukamua mbali na mapumziko ya chakula, jumla usizidi saa moja katika saa nane za kazi, na ni saa ya kazi yenye malipo. Usiingie ofisini ukiitupa mezani. Nasari nyingi huku ni za nyumba ya kupanga na mwenye shule mwenyewe anahangaika na kodi. Itaje kwa upole, halafu mwoneshe mpango ambao tayari una mtu wa kushika watoto. Akikataa kabisa, hapo andika barua, ubaki na nakala, umwone afisa wa leba.

Jambo ambalo walio kazi za ofisini hawatakwambia ni kilio. Mtoto yeyote akilia, hata si wako, maziwa yanaweza kushuka papo hapo, na darasani kuna anayelia kila wakati. Ukihisi ule mchomo, kunja mikono kifuani ukandamize chuchu kwa nguvu kwa muda, huzuia. Ndani ya sidiria weka kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa, ubebe vya kubadilisha. Buibui linasitiri, lakini ubichi ukikaa kwenye ngozi chuchu hupasuka.

Watoto waambie ukweli kwa lugha yao. Wangu niliwaambia, "Mwalimu ana mtoto mdogo nyumbani, anaenda kumtengenezea maziwa yake, atarudi mkimaliza uji." Walilichukua jambo hilo kama la kwao. Kulikuwa na msichana mmoja mdogo, akishaona sufuria ya uji inatolewa jikoni anakuja kunivuta buibui: "Mwalimu, mtoto wako." Wale wa kung'ang'ania waage hasa, usitoroke. Ukitoroka mara moja, kesho watakuganda tangu asubuhi.

Mikono yetu hushika kamasi, rangi, udongo na makalio ya watoto. Nawa kwa sabuni hadi viwikoni, na jifunge leso safi juu ya nguo za kazi. Jifunze pia kukamua kwa mkono hata kama una pampu ya stima, maana stima hupotea wakati wowote. Weka kidole gumba juu na vidole viwili chini, nyuma kidogo ya ule weusi unaozunguka chuchu, sukuma kuelekea kifuani kisha bana, achia, rudia, ukizunguka titi lote. Usivute chuchu, utajiumiza. Ukilikanda titi na kuliweka kitambaa cha moto kwanza, maziwa huja haraka zaidi.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa muda wa saa nne nje ya friji, lakini hesabu hiyo ni ya joto lisilozidi digrii 25, na sisi wakati wa kaskazi tunalivuka hata kivulini. Yaingize kwenye baridi pale pale. Kama shule haina friji, chukua hotpoti. Huhifadhi baridi vilevile inavyohifadhi moto. Usiku gandisha maji kwenye chupa ndogo, asubuhi zipange ndani, katikati weka vichupa vya maziwa vyenye vifuniko vya kukaza. Ukifika nyumbani yatie friji, hukaa hadi siku nne. Kuyapasha, yatumbukize kwenye bakuli la maji ya moto, usiyachemshe.

Kama mnatumia friji moja na mwalimu mwingine anayenyonyesha, andika jina na tarehe kwenye kila chupa. Kwetu hili si usafi tu. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, mtoto aliye chini ya miaka miwili akinywa maziwa ya mama mwingine mara tano kamili huwa mwanawe, hata akinyweshwa kwa kikombe. Yasije yakachanganywa watoto wakawa ndugu wa kunyonya bila wazazi kujua.

Nyumbani, mzoeshe anayebaki na mtoto kumnywesha kwa kikombe kidogo wiki moja au mbili kabla hujarudi kazini, na wewe usiwe karibu, akisikia harufu yako atakataa. Mwachie kiasi cha mililita 30 hadi 45 kwa kila saa utakayokuwa nje. Utakayokamua saa saba yatakuwa machache kuliko ya saa nne, usishtuke. Mnyonyeshe kabla ya kutoka na mara tu unapoingia, na usiku umlaze karibu, kwani homoni inayotengeneza maziwa huwa juu zaidi usiku.

Siku utakayobanwa ukakosa nafasi, kamua hata kidogo tu upunguze ugumu. Titi likiwa jekundu na moto, ukashikwa na homa na baridi, nenda hospitali siku hiyo hiyo na uendelee kunyonyesha, usiliache lijae.

Niandikie mnatoa uji saa ngapi, watoto wanalala au hawalali, na mko walimu wangapi, tuangalie pamoja saa zako zitakaa wapi.