Kila Kazi Haifiki Mwaka: Je, Nimefungwa Rizki?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nina miaka 33, nina mke na watoto wawili. Tangu nimalize chuo nimepita kazi saba na hakuna hata moja iliyofika mwaka. Nyingine nimeachishwa, nyingine nimeacha mwenyewe. Mama anasema nimefungwa rizki, na anataka twende kwa mtaalamu akaniangalie. Je, mtu anaweza kufungwa kazi? Na kuna dua gani ya kunifanya nidumu kazini?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Kwa mtaalamu usiende. Amepokea Imam Muslim kwamba Mtume (rehma na amani zimshukie) amesema anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, haikubaliwi swala yake siku arubaini. Jicho baya ni kweli na hasadi ipo, lakini kinga yake unayo mwenyewe: Ayatul Kursiy, na Suratul Ikhlas, Al-Falaq na An-Nas mara tatu asubuhi na mara tatu jioni. Soma hizo, kisha turudi kwenye kazi zako saba, maana aliyeachishwa kwa kuchelewa hata akisomewa Qur'ani nzima, kesho atachelewa tena.

Rizki imedhaminiwa na Allah (Hud, aya ya 6). Kazi ya mshahara ni kitu kingine: ni mkataba wa ijara, yaani wa kuajiriwa kwa ujira, kati yako na mtu, na mkataba huvunjika kwa sababu zinazojulikana. Chukua karatasi, uandike kila kazi na mambo manne: ulikaa muda gani, nani aliyeimaliza, wiki mbili za mwisho kulitokea nini, na maneno gani ulishaambiwa kabla ya hapo ukayapuuza. Usiandike "bosi alikuwa na roho mbaya." Andika tukio: "Nilifika saa tatu badala ya saa mbili, mara ya nne mwezi ule." Ukimaliza mpe mkeo aisome, kwa sababu yeye anakumbuka ulivyorudi nyumbani siku hizo na ulimlalamikia nini.

Tazama zaidi muda. Kazi inayokatika wiki za mwanzo, mara nyingi mtu aliomba asichokiweza au alijipamba kwa sifa asizo nazo. Inayokatika mwezi wa pili hadi wa nne, kwa kawaida tatizo ni nidhamu: ugeni umekwisha, mtu ameanza kujiachia, na mwajiri bado yuko kwenye muda wa majaribio, kwa hiyo kumwondoa ni rahisi. Inayokatika baada ya nusu mwaka, mara nyingi mwenyewe amechoka, au amesikia mwenzake analipwa zaidi akaanza kuifanya kwa kinyongo. Sifa za mwajiriwa anayefaa, binti yule wa Madyan alizitaja zote mbili alipomwambia baba yake amwajiri Musa: mbora wa kumwajiri ni mwenye nguvu, mwaminifu (Al-Qasas, aya ya 26). Nguvu ni kuiweza kazi. Uaminifu ni pamoja na saa, si fedha peke yake, na hapa ndipo wengi wanapoanguka bila kujijua. Mtu hawezi kugusa senti ya ofisi, lakini saa nzima ya kila siku inaishia kwenye simu.

Wanazuoni wa fiqhi wametofautisha waajiriwa wawili. Yupo ajiri maalumu, aliyeuza muda wake: saa zake zote za kazi ni za mwajiri, isipokuwa muda wa swala za faradhi. Na yupo ajiri wa wote, kama fundi nguo, aliyeuza kazi iliyokamilika na si saa. Ajiri maalumu akiiba muda amekula asichostahiki, na toba yake ni kuufidia muda huo au kumwomba mwenye haki amsamehe. Tofauti hii ina faida nyingine kwako. Wapo watu hodari sana ambao kukaa sehemu moja saa nane hawakuwezi, na karatasi yako itaonyesha kama wewe ni mmoja wao: kila mahali kazi ilisifiwa, mahudhurio yakalaumiwa. Mtu kama huyo atafute kazi za kulipwa kwa kipande. Si aibu wala si daraja ya chini, ni aina nyingine ya ijara tu.

Swala nayo huwa chanzo cha ugomvi, na mara nyingi lawama si ya mwajiri. Kubalianeni juu yake mapema, siku ya kusaini: Adhuhuri na Alasiri, dakika kumi na tano pamoja na udhu, na Ijumaa muda wa khutba na swala. Anayeaga kwenda kuswali akarudi baada ya dakika arubaini kwa kuwa alikutana na jamaa mlangoni, amewaharibia hata wenzake watakaoajiriwa baada yake.

Sasa zile ulizoacha mwenyewe. Kwa madhehebu ya Shafi'i na wanazuoni wengi, ijara ni mkataba wa lazima: ukishafungwa, upande mmoja hautoki bila ridhaa ya mwingine, au sharti mlilokubaliana kama notisi. Nabii Musa alipewa masharti ya wazi, miaka minane, na kumi kwa hiari yake. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, amesema aliutimiza ule muda mrefu. Kuondoka katikati ya mwezi kwa kuwa umekaripiwa ni kuvunja ahadi, hata kama wewe uliyekaripiwa ndiye mwenye haki. Hadithi imefundisha mwenye hasira akiwa amesimama akae, na isipoondoka alale ubavu. Kwa hiyo barua ya kuacha kazi usiiandike siku uliyokasirika, na ujumbe wa simu ndio kabisa usiutume. Pitisha usiku, uswali istikhara, swala ya kumwomba Allah akuchagulie lililo bora: rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua yake. Watu huiswali wanapoingia kazini, wanapotoka wanaisahau. Wala usingoje ndoto; ndoto si sharti la istikhara, wewe endelea na jambo, Allah atakufungulia au atakuepusha nalo.

Inawezekana pia karatasi ikakutakasa. Wapo waajiri wanaowaondoa watu kila muda wa majaribio unapokaribia kwisha, na wanaokula jasho la mtu. Hao wanaokula jasho la mtu, katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari, Allah amesema Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Tiba yake ni kuandikiana kabla: kazi gani, saa ngapi, ujira kiasi gani, muda gani. Ujira usiojulikana huifanya ijara kuwa batili kisheria, na mfanyakazi hapo hulipwa ujira wa mfano wake, yaani wanaolipwa wenzake kwa kazi kama hiyo.

Na kama kila safari kinachokutoa ni kushindwa kuamka, uzito wa moyo wa wiki nzima, kusahau kupita kiasi, au ulevi na kamari, muone daktari. "Jitibuni" ni amri ya Mtume, na maradhi ya akili na nafsi ni maradhi kama mengine.

Dua uliyoiomba ni hii, ameipokea Bukhari: Allahumma inni a'udhu bika minal-hammi wal-hazan, wal-'ajzi wal-kasal, wal-jubni wal-bukhl, wa dhala'id-dayni wa ghalabatir-rijal. Ndani yake unajikinga na kutoweza, uvivu, mzigo wa madeni na kuelemewa na watu. Isome kila asubuhi kabla hujatoka, na utoke mapema.

Mama yako usimjibu kwa ukali. Ana huruma, ila njia ndiyo ameikosea. Mwombe yeye ndiye akuombee, kwani dua ya mzazi kwa mwanawe hairudi, kisha ule muda na nauli ya kwenda kwa mtaalamu utumie kumtembelea yeye na ndugu zako: kuunga udugu ni katika mambo ambayo Mtume ameyataja kuwa yanakunjua rizki.

Wallahu a'lam.