Kwa mzazi anayesema hana elimu ya kumsaidia mwanawe

Ndugu mleta mada, nimeusoma uzi wako wote na nimeona nikujibu kwa kirefu. Umesema hukufika mbali shuleni, masomo anayosoma mwanao sasa yamekupita kimo, kazini unatoka usiku, na kila mkutano wa wazazi unaohudhuria unaishia kwenye michango tu. Umeuliza kama kuna jambo la maana mzazi kama wewe anaweza kulifanya, au ni heri awaachie walimu.

Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, na wanangu wamesoma shule ambazo mimi sikuwa mwalimu wake. Nimewahi kuwa mwalimu anayewangoja wazazi, na nimewahi kuwa mzazi anayemngoja mwalimu nje ya ofisi. Kwa niliyoyaona, mzazi anaweza kufanya mengi, na sehemu kubwa ya hayo haihitaji ajue somo lolote.

Wengi wetu tukisikia "mzazi ashiriki katika masomo ya mtoto" tunamfikiria mzazi aliyekaa mezani na mtoto akimwelekeza sehemu na desimali. Asiyeweza hilo anajiona amekwisha shindwa. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Marekani, Nancy Hill na Diana Tyson, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu wazazi wenye watoto wa umri wa kubalehe. Msaada wa kazi za nyumbani haukuonekana kuwainua watoto kwa uhakika. Kilichoambatana zaidi na ufaulu ni mzazi kuzungumza na mtoto: kwamba anamtarajia asome, kwamba elimu ina thamani, kwamba anachosoma leo kinahusiana na anachotaka kuwa kesho, na namna ya kupanga muda wake. Mazungumzo hayo yanamtaka mzazi awepo na amsikilize mtoto. Cheti hakiulizwi hapo.

Mimi sishangai. Darasani kwangu, mtoto aliyefanyiwa kazi na mtu wa nyumbani nilimjua mapema. Daftari la kazi za nyumbani limejaa vema tupu, jaribio la darasani hana kitu. Mtoto huyo amepotezewa nafasi ya kukosea, na mwalimu amepotezewa nafasi ya kuliona kosa. Kwa hiyo kama hujui jibu, usihuzunike. Mwambie, "Nieleze mwalimu alivyosema." Akiweza kukueleza wewe usiyejua, ameelewa. Akikwama katikati, nyote wawili mmejua pale anapokwama, naye kesho aende na swali hilo kwa mwalimu. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kuuliza hivyo.

Sasa nije kwenye daftari, kwa sababu hapo ndipo wazazi wengi wanapoacha hazina imelala. Ulifungue kila wiki, siku yoyote unayopata nafasi. Huhitaji kuelewa kilichoandikwa. Tazama tarehe: je, zinafuatana, au kuna wiki nzima haipo? Tazama kama kazi zimesahihishwa, na kama pale mwalimu alipoandika "rudia" pamerudiwa. Tazama somo ambalo daftari lake ni jembamba kuliko mengine. Mara nyingi hilo ndilo analolikimbia. Tazama mwandiko. Ukianza vizuri juu ya ukurasa na kuharibika kabisa chini, huenda anachoka, huenda anakimbizana na muda, huenda hafikii mwisho wa anachonakili.

Binti yangu wa pili alama zake za hesabu zilianza kushuka, na kila mtu, mwalimu wake pia, alidhani ameanza uvivu. Nikakaa na daftari lake nikilinganisha maswali na yale ya mwenzake. Nikaona kitu cha ajabu: majibu yake yalikuwa sahihi, ila maswali aliyoyanakili hayakuwa yale yaliyoandikwa ubaoni. Penye 8 aliandika 3, penye 6 aliandika 5. Kukokotoa alikuwa anajua. Ubao ndio alikuwa haoni. Tulimpeleka akapimwa macho, akapata miwani, na kabla miwani haijawa tayari mwalimu akamhamishia dawati la mbele. Simlaumu mwalimu yule hata kidogo. Alikuwa na darasa limefurika, anasahihisha rundo la madaftari kwa saa moja. Kosa analiona, chanzo cha kosa hana muda wa kukitafuta. Mimi nilikuwa na daftari moja tu mbele yangu. Ndiyo nafasi aliyonayo mzazi ambayo mwalimu hana, hata awe hodari kiasi gani.

Mtoto akisema ubao una ukungu, akilalamika kichwa kinauma baada ya shule, au ukiona anakukazia macho unapozungumza kana kwamba anasoma midomo yako, usianze na ukali. Mpime macho na masikio kwanza.

Kuhusu kukutana na mwalimu. Usingoje uitwe. Mzazi anayefika shuleni siku ya kesi tu, mwalimu humpokea akiwa tayari kujitetea, na mzazi naye amekuja tayari kupigana. Nenda mapema, muhula ukiwa bado mchanga na hakuna aliyemkosea mwenzake. Jitambulishe, mwambie mwalimu kitu kimoja au viwili ambavyo hawezi kuvijua: kwamba mtoto amefiwa na babu yake hivi karibuni, kwamba ni mwoga wa kunyoosha mkono, kwamba asubuhi anawapeleka wadogo zake kabla hajaja. Halafu uliza maswali yenye jibu. Ukiuliza "Anaendeleaje?" utajibiwa "Anajitahidi," na utarudi nyumbani ulivyokuja. Uliza anakaa wapi darasani na nani. Uliza kama huwa anauliza asipoelewa. Uliza ni somo gani linamsumbua na ni sehemu gani hasa ya somo hilo. Mwisho uliza, "Wiki hii nikiwa nyumbani, ungependa nisimamie jambo gani moja?" Nilipokuwa nafundisha, swali hilo niliulizwa na wazazi wachache sana, na watoto wao nilijikuta nawafuatilia kwa karibu zaidi bila hata kukusudia. Si haki kwa wale wengine, lakini ndivyo ilivyokuwa, na sidhani ni mimi peke yangu.

Kama una lalamiko, lipeleke kwanza kwa mwalimu mwenyewe, uso kwa uso, mtoto asiwepo. Likishindikana, nenda kwa mkuu wa shule, kisha kamati ya wazazi. Kulitupa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kabla mwalimu hajasikia ni kumchoma mtoto wako, maana ndiye atakayekaa mbele ya mwalimu huyo kesho asubuhi. Na akili ya mtoto hunasa haraka: akisikia mwalimu anatukanwa nyumbani, anaacha kumsikiliza darasani.

Umesema pia shule yenu humwona mzazi anayeuliza kuwa ni msumbufu. Uliza kwa adabu, ila usiache. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 26, linawapa wazazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu watakayopewa watoto wao. Mwenye haki hiyo hawezi kuwa mgeni shuleni. Na mkutano ukiwa wa michango tu, nyoosha mkono uulize kuhusu masomo: darasa lina vitabu vingapi kwa wanafunzi wangapi, somo gani halina mwalimu, nani anawasaidia wanaochelewa kusoma. Mkiwa watatu mnaouliza hivyo kila mkutano, ajenda itabadilika.

Mahudhurio nitayasema kwa kifupi, ingawa ni makubwa. Siku za kukosa shule huingia moja moja na mzazi hazihesabu: leo mafua, kesho kutwa msiba, wiki ijayo kubaki na mdogo. Mwaka 2018 watafiti Todd Rogers na Avi Feller walichapisha jaribio walilolifanya katika jiji la Philadelphia, Marekani, ambako wazazi walitumiwa barua zinazowaonyesha jumla ya siku walizokosa watoto wao. Kwa barua tu, utoro sugu ulipungua kwa asilimia 10 au zaidi. Wazazi wale hawakuwa wazembe. Idadi halisi hawakuwa wakiijua. Weka alama kwenye kalenda kila mtoto anapokosa shule. Mwisho wa muhula utazame.

Siku ya ripoti, tafadhali, ulimi uwe na kiasi. Matusi hayafundishi hesabu. Lakini na sifa nazo zina namna yake. Wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kuwa wana akili, walipokutana na kazi ngumu wakashindwa, walikata tamaa na kufanya vibaya kuliko waliosifiwa kwa bidii yao. Mtoto aliyeambiwa "wewe kichwa" huogopa swali gumu, kwa sababu akilikosa atapoteza lile jina. Taja alichokifanya: alirudia makosa yake, alimwendea mwalimu, alisoma hata siku aliyokuwa amechoka. Kisha chagueni pamoja somo moja la kuinua muhula ujao. Usimlinganishe na mtoto wa jirani wala na kaka yake. Nimewaona watoto waliochukia somo kwa sababu tu ndugu yao alikuwa bingwa wa somo hilo.

Akina baba mnaopita hapa, nasema na ninyi pia. Shule ikipiga simu inampigia mama, mkutano anakwenda mama, daftari analifungua mama. Baba akifika shuleni hata mara moja kwa muhula, mtoto hutembea kifua mbele wiki nzima. Nimeliona hilo darasani mara nyingi mno kulipuuza.

Na wewe unayerudi usiku, hali yako si ya kukosa la kufanya. Mpe mtoto saa maalumu ya kusoma na mahali penye mwanga, hata ikiwa ni pembe ya meza ya chakula, na anayebaki naye, awe bibi, dada au shangazi, ajue kwamba saa hiyo televisheni inazimwa na mtoto hatumwi. Aache daftari mezani wazi kwenye kazi ya siku hiyo. Ukirudi amelala, lipitie, kisha muulize asubuhi mkiwa njiani au akivaa viatu. Mwalimu mwombe namba na muda ambao hatasumbuka, umwandikie ujumbe mfupi mara moja kwa wiki mbili. Kama mwajiri anakupa ruhusa chache, itunze moja kwa ajili ya siku ya kukutana na mwalimu, usiimalize yote kwenye mengine.

Akifika sekondari atakuambia usije shuleni, anaona aibu mbele ya wenzake. Msikilize kuhusu namna, usimsikilize kuhusu jambo lenyewe. Usimfuate darasani, ila mwalimu wake endelea kuwasiliana naye, na nyumbani hamisha mazungumzo kutoka "umefanya kazi ya leo?" kwenda kwenye anachotaka kusomea, masomo yanayohitajika kufika huko, na mtu anayeifanya kazi hiyo ambaye mnaweza kumtembelea mkamuuliza.

Ukishamwona mwalimu, rudi hapa utueleze alichokuambia kuhusu somo linalomsumbua mtoto. Walimu tupo kwenye jukwaa hili na tutakuelekeza hatua ya kufuata.